Mwanamke wa Kaya Thelathini na Nane

Watu wa mtaani walimwita Bwana Maswali, na hawakumwonea. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo aliishi kwa kazi moja: kubisha hodi kwenye milango ya watu asiowajua na kuwauliza mambo ambayo hata mama mkwe angeona haya kuyagusa. Mnalala wangapi chumba kimoja? Choo kina mlango? Mara ya mwisho wewe na mwenzako mligombana lini, na mligombania nini? Akishajibiwa aliandika, akashukuru, akafunika kalamu na kuhamia mlango wa pili.

Msimcheke mapema. Utafiti una aina zake kama maradhi yalivyo na aina zake, na yeye alikuwa ameugua karibu zote. Alianza na wataalamu wa udongo, waliomchimbisha mashimo juani na kumjazisha vifuko vidogo vyenye namba. Alipowauliza vifuko vile ni vya nini hasa, wakamwambia huu ni utafiti wa msingi, wa kujua tu, wala hauhitaji kuwa na faida. Akaelewa papo hapo, maana shemeji yake naye alichunguza maisha ya watu kwa msingi huohuo.

Kisha wakaja watu wa majaribio. Hao waliugawa mtaa mmoja katikati kwa kura: upande wa kulia wapewe sabuni, wa kushoto wasipewe kitu, halafu ihesabiwe ni watoto wa upande gani wanaoharisha zaidi. Nia yao ilikuwa njema na mpango wao ulinyooka kama rula. Tatizo ni kwamba upande wa kulia waliishi akina mama na mashangazi, na mabinti zao walikuwa wameolewa upande wa kushoto. Kufikia siku ya tatu sabuni ilikuwa imevuka barabara kwenye vikapu, kwenye mifuko ya sketi na ndani ya sufuria zenye vifuniko. Wataalamu wakaandika kwamba jaribio limechafuliwa. Mtaani kila mtu alikuwa anang'aa.

Tathmini ndiyo iliyomnenepesha. Mradi ukiisha, wenye mradi humtuma mtu akaulize kama mradi ulifaulu, na mimi mpaka leo sijasikia tathmini iliyomwaibisha aliyeiagiza. Bwana Maswali alijua mwendo wake kwa moyo: kurasa arobaini za mafanikio, nusu ukurasa wa changamoto, na pendekezo kwamba utafiti zaidi unahitajika. Hilo la mwisho halikukosa hata siku moja. Alifanya pia utafiti shirikishi, ambapo wakazi hukusanywa kwenye darasa tupu, hupewa chaki wachore ramani ya mtaa wao wenyewe, halafu huelezwa walichokuwa wanataka kusema. Na aliwahi kumbebea mkoba mtafiti mmoja mwembamba aliyekaa na watu mwaka mzima, akimenya nao viazi na kuandika kila kitu, mpaka nani alipiga chafya. Wenzake walimwona mvivu. Bwana Maswali alimheshimu, kwa sababu katika watafiti wote ndiye pekee aliyerudi kuaga.

Lakini kazi iliyompa jina kwa wakubwa ni ule utafiti wa kufuatilia. Kaya sitini, miaka kumi, maswali yaleyale kila mwaka kwa watu walewale. Lengo lake lilikuwa zito na la maana, hilo siwezi kulifanyia mzaha: kujua ni kitu gani humtoa mtu kwenye shida. Tafiti nyingine zilikuwa zimeshaeleza shida ilivyo, urefu wake na upana wake. Huu ungesema mtu anapitia mlango gani kutoka.

Mwaka wa kwanza Bwana Maswali alizunguka na ramani yake, akahoji kaya thelathini na saba kwa uaminifu wote, akafika penye namba thelathini na nane. Hapakuwa na kaya. Palikuwa na stoo ya saruji. Aliyechora ramani aliona paa, akaweka nukta, akaenda zake.

Utaratibu wa kutoa taarifa ya kaya iliyokosekana ulikuwepo. Ilikuwa fomu ya kurasa kumi na moja, yenye mihuri mitatu na saini ya msimamizi, naye msimamizi alikuwa safarini kwenye mkutano wa kuharakisha kazi. Hojaji yenyewe ilikuwa kurasa saba. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Bwana Maswali alikaa juu ya mfuko wa saruji, akaweka hojaji gotini, akaijaza kaya mwenyewe.

Alihitaji mwanamke. Tarehe ya kuzaliwa akaandika ya mke wake, kwa kuwa hakuikumbuka ya mwanamke mwingine yeyote. Kazi akaandika ushonaji, kwa kuwa mke wake alikuwa fundi wa sare za shule na ndiyo kazi aliyoweza kuieleza bila kugugumia. Rangi ya mlango, swali lililowekwa ili mwakani nyumba isipotee, akaandika bluu, kwa sababu kalamu ilikuwa ya bluu. Akamaliza, akajipangusa vumbi la saruji, akaenda kaya ya thelathini na tisa.

Alidhani ni uongo wa siku moja. Kumbe utafiti wa kufuatilia unafuatilia.

Mwaka wa pili ikabidi arudi kwa yule mwanamke, na mwanamke hawezi kukaa mwaka mzima bila kubadilika. Sasa, wiki hiyohiyo, nyumbani kwake kulikuwa na maneno. Bati la chumba cha mbele lilikuwa limetoboka, na tundu lilikuwa juu ya cherehani kabisa. Mvua ikinyesha mke wake alihamisha vitambaa, akaweka beseni juu ya meza na kushonea pembeni, karibu na mlango.

"Baba watoto," mke wake alikuwa amemwambia, "lile bati."

"Nimesikia, mama watoto," alijibu Bwana Maswali, akavuta hojaji zake. Na kwa kuwa alikuwa na moyo, maana moyo anao, niseme haki, lile bati lilimkaa rohoni. Alipofika swali la kumi na nne la kaya thelathini na nane, hali ya paa, akaandika: jipya. Alilala vizuri siku hiyo, kama mtu aliyetimiza ahadi.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mke wake aliposema macho yanachoka kwa cherehani ya mkono, mwanamke wa kaya thelathini na nane alipata ya umeme. Mke wake alipoomba akamwone mama yake aliyekuwa mgonjwa, na Bwana Maswali akasema amesikia lakini kazi imembana mno, yule mwanamke alisafiri kuwatembelea ndugu mara mbili. Akaajiri wasaidizi wawili. Akaingiziwa maji uani. Kila kilichokosekana huku kilitokea kule, na Bwana Maswali alianza kuingoja kwa hamu siku ya kujaza kaya ile. Wengine wote walimlilia shida. Yule alikuwa na habari njema kila mwaka.

Mwaka wa tisa Profesa akaita mkutano. Profesa alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mwenye imani na takwimu kama wengine walivyo na imani na dawa za chupa. Aliwasha mashine, ukutani ikatokea mistari sitini, kila kaya na mstari wake. Mistari hamsini na tisa ililala sakafuni. Mmoja ulipanda, ukapanda, ukakaribia kutoboa dari.

"Kaya thelathini na nane," alisema Profesa, akiugusa mstari ule ukutani. "Miaka tisa nimemsubiri mwanamke huyu."

Ukumbi ukapiga makofi. Bwana Maswali naye alipiga, na kwa kitambo kidogo alijivunia kweli, mpaka alipokumbuka ni nani aliyempandisha. Akashusha mikono. Profesa aliendelea kueleza kwamba wamelinganisha kaya zote kwa kila kigezo, umri, elimu, idadi ya watoto, ukubwa wa chumba, na kitu kimoja tu ndicho kinachoitofautisha kaya ile na nyingine zote.

"Mlango wa bluu," alisema.

Msidhani Profesa alikuwa mjinga. Alionya kwa ukali kwamba vitu viwili kwenda pamoja hakumaanishi kimoja kimemzaa mwenzake. Ndiyo maana, alisema, hatua inayofuata lazima iwe jaribio: milango mia mbili ipakwe bluu, mia mbili iachwe ilivyo, na watu wafuatiliwe miaka mingine kumi. Wafadhili walikuwa wamelipenda wazo hilo kuliko yote aliyowahi kuwapelekea. Na msimamizi mkuu wa jaribio angekuwa, nani tena, yule aliyeiona kaya ile kwanza.

Miaka kumi na tisa Bwana Maswali aliota kuitwa msimamizi. Kuwa na ofisi yenye feni. Kuwatuma wengine juani. Alisimama, akashukuru.

"Lakini kwanza," Profesa alimwambia mwishoni, akimshika bega, "nataka kumwona kwa macho yangu. Alhamisi. Wewe utamhoji kama kawaida yako, mimi nitakaa pembeni nisikilize."

Alirudi nyumbani moja kwa moja. Alimkuta mke wake amesimama katikati ya chumba, jambo geni, maana saa kama ile huwa kwenye cherehani. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokatwa umbo la kola.

Hapa nieleze. Fundi wa nguo huchora kipimo kwenye karatasi, hukata, kisha huilaza karatasi juu ya kitambaa. Nakala za hojaji za zamani zilijaa kwenye maboksi chini ya kitanda chao, karatasi nzuri, ngumu, na kwa miaka mingi mke wake alikuwa akizikatia kola na mifuko bila kuzisoma. Hakuna anayesoma karatasi zile, hata waliozichapisha. Siku hiyo mkasi ulipita kando ya tarehe, na tarehe ilikuwa ya kwake. Akavuta boksi zima, akakaa chini, akasoma miaka tisa.

"Baba watoto," alisema polepole, "huyu wa kaya thelathini na nane ni nani?"

"Nani?"

"Usiniulize mimi maswali. Amezaliwa siku niliyozaliwa. Anashona kama mimi. Ila ana cherehani ya umeme, ana paa jipya, ana maji uani." Akaigeuza karatasi. "Amekwenda kumwona mama yake mara mbili. Anakaa wapi? Niambie tu. Sitapiga kelele."

"Hayupo."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo, mke wangu. Nilimtunga. Kule kuna saruji tu."

Akamweleza yote, fomu ya kurasa kumi na moja, mihuri, mstari uliopanda ukutani, mlango wa bluu. Alitegemea mke wake acheke, maana mwanzo wa kisa ulikuwa wa kuchekesha. Kweli alicheka, lakini mara moja tu, na kicheko kile hakikumpendeza Bwana Maswali.

"Wanaume wengine huwaficha wanawake wao," alisema. "Wewe wako umempa namba na kumpeleka serikalini."

"Lakini ni wa karatasi!"

"Ndicho kinachoniuma. Angekuwa wa kweli ningekwenda kwake, tungetukanana, tungevutana vitambaa, mambo yangekwisha. Nitagombana vipi na karatasi? Wa kalamu ana bati jipya. Mimi wa nyama na damu nina beseni. Na yote aliyopewa, baba watoto, ni niliyokuambia mimi. Kwa hiyo ulikuwa unanisikia."

Bwana Maswali aliyatazama maboksi. Alijikuna kichwa, akasogeza kiti, akakirudisha kilipokuwa. Halafu, kwa kuwa mwenye shida hana aibu, akamwomba. Alhamisi moja tu. Profesa ataletwa hapahapa; yeye akae kwenye kiti, aseme ndiye kaya thelathini na nane, ajibu kama zilivyo karatasi za mwaka jana. Kazi itapona, usimamizi utapatikana, na naapa, alisema, safari hii bati litatengenezwa.

Mke wake alikuwa amerudi kwenye cherehani na kubana pini mdomoni, nne au tano, kama mafundi wafanyavyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa juu chini, akashika pindo. Bwana Maswali akashukuru. Hakuwaza kwamba mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema kitu kingine.

Jumatano alipaka mlango wa nyumba yao bluu. Jirani mmoja alisimama kutazama, akauliza kama wanahama au wanaozesha. Alitaka pia kuazima cherehani ya umeme kwa fundi wa mtaa wa pili, mke wake akakataa kwa ishara ya mkono. Ndani aliiteremsha picha yao ya arusi, maana isingefaa Profesa amwone mdadisi wake ukutani kwa mhojiwa, akaisukuma nyuma ya kabati. Mke wake alimtazama akifanya hivyo.

Alhamisi ikanyesha tangu asubuhi. Profesa alifika na mwavuli na faili, akapita mlangoni akifurahi kama mtoto, na mkono wa koti lake ukabaki na mchirizi wa bluu kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka. Hakuona. Aliketi kwenye kiti cha wageni, tone likamwangukia kwenye faili. Akasogea. La pili likamfuata.

"Karibu, mama," alisema mke wa Bwana Maswali. "Hapo pananyesha. Njoo huku kwangu."

Bwana Maswali alifungua hojaji. Wacha nikumbushe sheria za kazi ile, alizowafundisha yeye mwenyewe wadadisi wapya zaidi ya mia. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimwongoze mhojiwa. Usibishane naye. Andika jibu lake kama alivyolitoa. Na kwa mtu aliyeoa zaidi ya miaka ishirini, nadhani hajawahi kupewa sheria ngumu kuliko hizo.

"Una haki ya kukataa kujibu swali lolote," alisoma, akimkwepa macho, "na unaweza kuyasimamisha mahojiano haya wakati wowote."

"Haki hiyo ni ya leo, au hata siku za kawaida?"

Profesa akatabasamu, akaandika jambo. Bwana Maswali akaruka mbele.

"Paa la nyumba yako liko katika hali gani? Zuri, la wastani, au bovu?"

Mke wake hakujibu. Aliinua kidole, wote watatu wakanyamaza, na beseni likalia, tii, likanyamaza, likalia tena.

"Andika unachokisikia," alisema.

Bwana Maswali alimtazama kwa macho ya kusihi, macho ya mtu anayezama. Alitaka kusema, mama watoto, tulikubaliana. Usibishane na mhojiwa. Akaandika: bovu.

"Kifaa kikuu cha kazi?"

"Cherehani ya mkono. Gurudumu limelegea. Macho yangu pia."

"Mwenzi wako anaishi katika nyumba hii?"

"Analala humu."

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, ulisafiri kuwatembelea ndugu?"

Hapo mke wake alilainisha kitambaa gotini. "Hapana. Mama yangu aliugua miezi minne. Niliomba kwenda, nikaambiwa nimesikika. Dada yangu ndiye aliyemuuguza. Sasa mama amepona, lakini alipokuwa amezidiwa aliniita mimi, na mimi nilikuwa hapa nashona mifuko."

Kalamu ya Bwana Maswali ilisimama. Hakukuwa na kisanduku cha jibu lile. Aliandika pembezoni, herufi ndogo ndogo, zikashuka mpaka chini ya ukurasa, na alipofika kwenye neno *aliniita* akaliandika mara mbili. Miaka kumi na tisa aliandika huzuni za watu bila kupepesa. Hii ilimchoma kwa sababu hakuwa na pa kuipeleka.

Profesa alikuwa anapekua faili lenye matone. "Mama, samahani," alisema kwa upole wake. "Hapa mwaka jana ulisema paa ni jipya. Ulisema umesafiri mara mbili."

"Mwaka jana hakuna aliyeniuliza."

"Ulihojiwa, mama. Majibu yako ni haya hapa."

"Mimi huyu bwana hajawahi kuniuliza kitu tangu aianze kazi hii," alisema mke wake, bila hasira, kama anayetaja bei ya kitambaa. "Leo ndiyo mara ya kwanza. Na ameuliza vizuri, sina lawama."

Profesa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kisha akamwita Bwana Maswali nje, wakasimama chini ya upenu, migongo ukutani ili wasilowe.

"Mhojiwa leo hayuko sawa," Profesa alisema kwa sauti ya chini. "Hutokea. Jibu likikengeuka mbali na mengine, kitaalamu tunaliondoa. Zichane hizo kurasa za leo, tutabaki na za mwaka jana. Ule mstari una manufaa makubwa, hatuwezi kuuvunja kwa sababu ya mvua ya asubuhi moja. Halafu Jumatatu njoo uchukue barua yako ya usimamizi."

Kwa hiyo yote aliyoyatamani yalikuwa yanakuja Jumatatu, na bei yake ilikuwa kurasa saba zilizolowa. Kuchana karatasi ni kazi ndogo. Alizishika kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuanza. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mke wake akiliinua beseni kwa uangalifu, hatua fupi fupi ili lisimwagike juu ya sare za watu, akitembea njia ileile aliyoitembea miaka yote hiyo, na Bwana Maswali akaona aibu, aibu ya kweli.

"Profesa," alisema, "hizi siwezi kuzichana. Katika kaya zote sitini, hii ndiyo niliyoihoji sawasawa kuliko zote. Wa kuondolewa ni yule mwingine. Kule hakuna mtu, kuna saruji. Huyu ni mke wangu."

Profesa alilipangusa faili kwa kiganja. Mvua ilinyesha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Bwana Maswali.

"Hilo," alisema hatimaye, "usilirudie kwa mtu yeyote."

Akalibana faili kwapani, akafungua mwavuli, akaondoka na mchirizi wake wa bluu mkononi. Jumatatu barua ilikuja kweli, fupi na ya heshima, ikimshukuru Bwana Maswali kwa utumishi wake mrefu na kumtakia kila la heri huko aendako. Ripoti ilichapwa na mstari wake ukipanda vilevile. Nasikia milango mia mbili imeshapakwa, na matokeo yanasubiriwa kwa hamu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile, Profesa alipopotea mwisho wa mtaa, Bwana Maswali aliingia ndani, akaketi tena kwenye kiti chake cha kuhojia. Hojaji bado alikuwa nayo mkononi. Akamwambia mke wake alichokisema kule nje, na kwamba bila shaka kazi hana tena. Mke wake alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akaukosa, akaupitisha tena.

"Maswali yako umeyamaliza?" aliuliza.

"Yamekwisha."

"Basi anza ya kwangu. Na hiyo kalamu weka chini."

Aliiweka. Akafikiri. Mtu yule alijua maswali zaidi ya mia nne kwa moyo, ya choo, ya maji, ya elimu, ya magomvi, lakini yote yalikuwa ya kuulizwa mgeni, na kila moja lilikuja na majibu yake matatu au manne ya kuchagua. Cherehani ikazunguka, gurudumu likilia palepale lilipolegea. Mshono mmoja ukaisha, ukaanza mwingine.

"Ulianza kuona lini," aliuliza mwishowe, "kwamba mimi sikuulizi kitu?"

Mke wake alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mwaka wa pili tangu uanze kuhoji watu," alisema. "Wa kwanza nilidhani umechoka na kazi."